Mzee Tone na Godoro la Mama Mkwe

Leo ni Jumatatu, tarehe saba Septemba. Mzee Tone ametuacha tangu Ijumaa. Nasema mapema kwamba hakufa, kwa sababu wateja wawili wameshakuja na pole zao na mmoja alikuwa amevaa nguo nyeusi. Mzee amestaafu tu, baada ya miaka ishirini na sita ya kujaza mafuta boti za watu wanaokwenda kustarehe majini, na yeye mwenyewe hajawahi kustarehe hata siku moja akiwa kazini, wala hakumruhusu mtu mwingine astarehe karibu na pampu.

Maneno ya kuaga kwenye jarida letu la wafanyakazi huandikwa na karani wa ofisi. Safari hii amekataa. Amesema ameshamwandikia Mzee Tone wasifu mara tatu, na mara zote tatu mzee alirudi kazini kesho yake kabla wino haujakauka. Kwa hiyo nimepewa mimi, ambaye nimesimama naye gatini muda mrefu kuliko wote na ambaye nguo zangu zinanuka kama zake. Shule niliiacha njiani. Mkiona koma imekaa mahali pa nukta, isogezeni wenyewe.

Mzee Tone hakuja hapa kutafuta kazi ya mafuta. Alikuja kama kibarua wa ujenzi, siku walipomwaga zege la kusimamishia pampu. Mafundi walipomaliza, msimamizi wao akamwambia, "Wewe kaa hapa, ulinde hili zege mpaka likauke. Mbwa asikanyage." Mafundi wakapanda gari wakaenda. Msimamizi hakurudi. Pampu ikaletwa, ikafungwa, mafuta yakaja, boti zikaanza kupanga foleni, na huyu bwana bado amesimama palepale akifukuza mbwa. Mteja wa kwanza alipofika akamuuliza, "Wewe ndiye wa mafuta?" Naye akajibu kwamba yeye ni wa zege, lakini kama ni kushika mpira wa pampu tu, anaweza. Ndivyo alivyoajiriwa. Hakuna mtu aliyewahi kurudi kumwambia kwamba zege limekauka.

Alianza vibaya. Hili halifichwi, yeye mwenyewe alilisimulia kwa kila mfanyakazi mpya, na kila mara alilirefusha. Wiki ile ya kwanza ilikuja boti ya Bosi, mwenye mahali hapa. Ubavuni mwa boti kulikuwa na matundu mawili yaliyofanana: moja la tangi la petroli, jingine la kuchomekea fimbo ya kuvulia samaki. Mzee Tone akachagua kwa kujiamini. Mafuta yakaenda, yakaenda, akayasifu jinsi yanavyoteremka vizuri. Kumbe tundu la fimbo halina chini. Petroli yote iliingia kwenye chumba cha kulala cha boti, na ikatua kwenye godoro la mama mkwe wa Bosi, ambaye alikuwa ameletwa kupumzika kwa wiki moja.

Godoro la mkwe ni kitu ambacho mtu mwenye adabu hakitazami mara mbili, sembuse kukimwagia petroli. Kila mtu alitolewa, boti ikafunguliwa milango yote, ikakaa wazi mpaka harufu ikapungua, na tunashukuru hapakuwa na mvutaji sigara. Bosi alitaka kumfukuza mzee palepale. Mama mkwe ndiye aliyekataa. Alisema, "Ukimfukuza, godoro langu atalianika nani?"

Basi Mzee Tone akalianika. Alilisimamisha nyuma ya gati, mbali na pampu, akawa analigeuza asubuhi na mchana kama mgonjwa. Mama Mkwe (hapa kazini kila mtu anamwita hivyo, hata wasiokuwa na wake) alikuja kila siku na mwavuli wake, anainama, ananusa, anasema, "Bado," anaondoka. Alikuwa mjane, ana nafasi. Kiangazi chote ilikuwa hivyo. Mwishoni kabisa, godoro likiwa halina harufu hata ya godoro, mama alinusa, akasema, "Bado kidogo." Hapo Mzee Tone akaelewa kwamba shida si godoro tena. Wakaoana kabla ya mvua.

Ndoa ile ilivuruga ofisi kabisa. Bosi aliamka siku moja akakuta kibarua wake wa pampu ni baba mkwe wake. Kuanzia hapo kila Jumamosi tuliona jambo ambalo sidhani linaonekana pengine. Bosi anafika na boti yake kubwa na wageni wake wakubwa, amevaa raba zake nyeupe ambazo hazijawahi kugusa vumbi, anainamisha kichwa: "Shikamoo, baba." Mzee anajibu, "Marahaba, mwanangu. Zima injini, shusha watu, na siku nyingine usije gatini na viatu vya arusi." Wakwe hawabishani. Bosi anashusha watu.

Na kushusha watu ndiko kulikomjengea jina. Kwenye petroli Mzee Tone hakuwa na mtu mkubwa. Kwanza kamba zifungwe, boti isicheze. Injini izimwe, na jiko, na taa, na redio. Sigara isionekane hata ikiwa sikioni. Kisha wote washuke, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unateremka unajilaza chini ya boti kama mbwa chini ya kitanda, unangoja cheche. Madirisha na milango ifungwe, mvuke usiingie. Wote kwake maana yake wote. Aliwahi kushusha maharusi na msafara wao mzima, bibi arusi akasimama juu ya zege ameshika gauni, akalia kidogo, akapewa kopo alilie humo. Aliwahi kumshusha mzee mmoja aliyelala usingizi mzito pamoja na kiti chake, boti yake ikajazwa mafuta, akarudishwa, akaamka upande wa pili wa maji akilalamika kwamba safari hii hawakupita kuweka mafuta.

Baada ya kushusha, aliuliza tundu. Hata boti aliyoijaza miaka kumi aliuliza: "Hili ndilo?" Mwenye boti anasema ndilo. "Una uhakika?" Nina uhakika. "Mama mkwe wako analala wapi?" Akishajibiwa, anafunga kitambaa kuzunguka mdomo wa tangi kama kinavyofungwa kifuani mwa mtoto anayekula uji. Anagusisha mdomo wa pampu kwenye chuma cha tangi, chuma kwa chuma, ili umeme wa msuguano usiruke. Anafungulia polepole, mkono haubanduki kwenye kishikio. Mtu wa pili, ambaye mara nyingi ni mimi, anakaa kwenye tundu la kupumulia la tangi na kitambaa chake, kwa sababu tangi likishiba hutapikia huko. Na mzee mwenyewe anasikiliza. Tangi tupu lina sauti nene, likikaribia kujaa sauti inakuwa nyembamba. Anafunga kabla ya kujaa, jua lipate nafasi yake, kwa kuwa mafuta yakipata joto yanapanda. Halafu anangoja. "Acha mpira ulie umalize," anasema. Wateja huchukia sana hapo. Wao huona kazi imekwisha, na tone linalomwagika ni lile la kazi iliyokwisha. Mwisho anafungua boti, anawasha feni ya kutoa hewa, anaingiza pua chumba cha injini, ananusa kama alivyofundishwa na mkewe, na akisema safi ndipo injini iwake na binadamu warudi.

Kuna siku mteja mmoja alijijazia mwenyewe akamwaga, rangi za upinde wa mvua zikatanda majini, akatoa sabuni ya vyombo akanyunyizia. Rangi zikapotea. Akafurahi. Mzee Tone akamwambia, "Hujasafisha, umeficha. Sasa yako chini na samaki, na sabuni juu." Akamfanya akae gatini asubuhi nzima akiwaomba radhi samaki. Yule mteja leo ni rafiki yetu, ingawa bado hawezi kula samaki bila kuinama kwanza.

Nisimsifu mpaka mkadhani ni malaika. Mzee Tone alikuwa anajisifu kupita kiasi. Kiti cha kivulini kilikuwa chake hata akiwa likizo. Alikuwa mbishi, na hadithi ya godoro niliisikia mpaka nikawa naota mimi ndiye godoro. Lakini kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kunisalimia, aliniuliza, "Umepiga simu kwenu?" Mimi natoka mbali, na likizo yangu husogezwa kama samani. Nikisema sijapiga, haniruhusu kugusa mpira. Anasema mtu ambaye hajaongea na mama yake mkono wake hautulii. Ilifika mahali mama yangu akipokea simu anamuulizia yeye kwanza.

Sasa nieleze kwa nini alistaafu mara nne.

Kwenye gati letu kuna desturi inayoitwa kujaza kwa kuaga. Mtu wa pampu hawezi kustaafu mpaka ajaze boti moja mbele ya wenzake wote, mdomo wa tangi umefungwa kitambaa cheupe kipya. Siku hiyo haruhusiwi kushika kitambaa cha mkononi cha kudakia matone. Tone lisiguse kitambaa, wala lisiguse maji, tangu mpira unapotoka kwenye pampu mpaka unaporudi. Kitambaa kinanuswa na Mama Mkwe. Likidondoka tone, mstaafu anarudi kazini msimu mzima. Desturi hii aliianzisha Mzee Tone mwenyewe, mwaka ule ambao mwenzake wa pampu ya dizeli, tunayemwita Mluzi, alipotaka kuondoka. Mluzi alimwaga, akabaki msimu mzima akipiga mluzi kwa hasira. Bosi hakuingilia, angemwambia nini baba? Mluzi alipofaulu mwaka uliofuata alimshika mzee bega akamwambia, "Siku yako nitakuja na kiti changu mwenyewe."

Akaja nacho. Mara ya kwanza Mzee Tone alijaza vizuri, akageuka kupokea makofi, tone likaanguka. Akasema ni makofi. Keki ikaliwa hivyohivyo, saa ya ukutani aliyozawadiwa ikarudishwa stoo. Mara ya pili akasema ni upepo. Siku hiyo bendera ya ofisini ilikuwa imelala kama kitambaa cha jikoni. Mara ya tatu akasema kitambaa kilimsogelea. Mluzi kila mara alikunja kiti chake, akachukua kipande cha keki, akasema, "Tuonane msimu ujao, ndugu yangu."

Sisi tuliokuwa karibu tuliona kilichotokea. Ulikuwa mkono. Mkono wa kulia wa mzee umeanza kutetemeka, si sana, kama injini ndogo inayozunguka bila kwenda. Siku za kawaida kitambaa cha mkononi kinaficha. Siku ya kuaga hakuna pa kuficha. Kila msimu unaopita mkono unazidi, kwa hiyo kila alipobakizwa ili afaulu mwaka ujao, kufaulu kulikuwa kunakwenda mbali zaidi. Mtu yeyote angeona kwamba kwa mpango huo atastaafu akishafukiwa. Fundi wa injini alijaribu kumwambia desturi hii ni yake, aifute. Mzee akamjibu, "Niifute, halafu Mluzi anione nini?"

Mama Mkwe alichoka. Ana nyumba yake kule bara juu kwenye vilima, hakuna maji ya kuendeshea boti, ina kibaraza na kuku, na alishaipaka rangi mara tatu kwa ajili ya kumpokea mstaafu. Wiki iliyopita alikuja na gari la mizigo, limepakiwa kila kitu, na juu kabisa limefungwa godoro. Lilelile. Gari akalisimamisha getini, akasema mbele ya wote, "Mume wangu, mimi leo naondoka. Safari hii gari haligeuzi. Ukija, njoo. Ukibaki na pampu yako, mtalala hapohapo wawili." Hakupandisha sauti. Aliingia akakaa mahali pake pa kunusia, mwavuli magotini.

Mzee Tone alivaa shati lililopigwa pasi. Boti ilikuwa ya Bosi. Watu wote tulishuka au hatukupanda. Mluzi alikunjua kiti chake mstari wa mbele. Mzee akafunga kamba, akauliza tundu, akauliza tena. Bosi akajibu, "Ndilo, baba, na mama yupo hapa, hajalala." Kitambaa cheupe kikafungwa. Chuma kwa chuma. Mafuta yakaingia, sauti nene ikawa nyembamba, akafunga, akaacha mpira ulie. Aliuacha ulie muda mrefu mpaka karani akaanza kulia nao. Akainua mdomo wa pampu ukitazama juu, akautoa. Kitambaa kikabaki cheupe.

Ilibaki kuvuka. Kati ya boti na gati kuna uwazi wa hatua moja, na chini ni maji. Mzee akaanza kuurudisha mpira, na mkono ukaanza. Tuliliona tone likijikusanya kwenye mdomo wa pampu, likanenepa, likaning'inia juu ya maji. Tone likaachia.

Bosi alirusha mguu. Sijui alifikiria nini, nadhani hakufikiria. Mtu mzima mwenye tumbo na wadhifa alinyoosha mguu juu ya maji, akabaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, na tone likatua puani mwa raba yake nyeupe.

"Nimeliona," Mluzi akasema, akasimama.

"Umeona nini?" Mama Mkwe akamuuliza.

"Tone."

"Liko kwenye maji?" Mluzi akachungulia maji. Yalikuwa safi. "Liko kwenye kitambaa?" Mama akakichukua kitambaa, akakinusa kama alivyokuwa akinusa godoro, taratibu, huku na huku. "Hamna kitu hapa."

Aliyeharibu ni mzee mwenyewe. Alisema, "Lipo kwenye kiatu. Nisidanganye watu. Bado, mama."

"Kiatu ni cha mwanangu," Mama Mkwe akasema. "Kitalala kwake, hakilali kwangu."

Mluzi alikitazama kiatu, akamtazama Bosi ambaye bado hajathubutu kushusha mguu, akatazama ule mkono wa mzee. Akakunja kiti chake, na keki hakuiulizia. Alisema tu, "Desturi haikutaja viatu."

Lakini mzee alikuwa bado ameshikilia mpira. Vidole havikufunguka. Alikuwa anatazama pampu kama mtu aliyesahau kitu ndani. Hapo Mama Mkwe akainuka, akaja mpaka karibu naye, akagonga zege kwa kisigino cha kiatu chake mara mbili.

"Walikuambia ulilinde mpaka likauke," akasema. "Limekauka, mume wangu. Twende."

Mzee Tone akainama. Akabonyeza zege kwa dole gumba, pale chini ya pampu, akasubiri, akatazama kama limebaki alama. Kisha akainuka, akanipa mpira, akamshika mkewe mkono, wakaenda kwenye gari. Ule mkono ukiwa umeshikwa, hautetemeki.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunakushukuru, Mzee Tone, kwa boti zote zilizoondoka hapa bila kuwaka na kwa maji ambayo watoto wa wateja bado wanaogelea. Saa ya ukutani tumeituma na gari, safari hii hairudi stoo. Kiti cha kivulini tumekubaliana kisikaliwe mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo tutagombana. Bosi ameacha raba ile ofisini, haisafishwi. Tunakutakia kibaraza chenye kivuli, kuku wasiobishana nawe, na usingizi mrefu kwenye godoro lisilonukia kitu.

Kwangu mimi, nimeshapiga simu nyumbani, mzee, usiulize. Juzi mafundi wamemwaga zege la gati jipya, na Bosi ameniambia nikae hapo nililinde mpaka likauke. Nimemwomba anipe tarehe. Amesema ishirini ya mwezi wa kumi na mbili, na nimemfanya aseme mbele ya karani na fundi. Mama, nitegemee kabla ya mwaka mpya. Siku hiyo zege likiwa bado bichi, mbwa na walikanyage.